Leseni ya Mwanahawa

Mwalimu Otmari alizikwa siku ya Alhamisi, na mimi nilifika Songea misa ikiwa imeshaanza kwa sababu nilimkatalia dereva wa teksi asilipite lori lililokuwa mbele yetu kwenye kona ya mlimani. "Mama, mbona hakuna gari linalokuja," alinilalamikia yule kijana. Nikamwambia mstari wa katikati haujakatika, na kwamba mtu aliyenifundisha maana ya mstari ule ndiye tunayekwenda kumzika. Alicheka kidogo, akaona sicheki, akarudi nyuma ya lori na kutulia. Ndivyo nilivyoingia mjini nilikoishi mwaka mmoja tu wa ujana wangu, nyuma ya lori la mahindi, nikitazama mabati mapya ya Msamala na kutafuta mahali ilipokuwa nyumba yetu. Sikuiona. Miaka imepita zaidi ya thelathini, na mimi ni mstaafu mwenye magoti mabovu. Bado nilikuwa nimeshikilia kioo cha dirisha kwa vidole vyote, nadhani nikitumaini kwamba mtu fulani angetoka kwenye ukumbi fulani akiwa na ndoo kichwani.

Tulipotoka makaburini niliingia uani kwa marehemu kuwapa pole wanawake waliokuwa jikoni. Moshi ulikuwa mwingi. Upande wa kushoto, kwenye mkeka, alikaa mwanamke aliyejitanda ushungi mweusi, anamenya viazi kwa kasi ya mtu aliyezoea kulisha wengi. Alinyanyua uso kwa sababu kivuli changu kilimfunika. Alinitazama, akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye khanga.

"Umenenepa, Wini," alisema.

Duniani nimeitwa Wini na mtu mmoja tu. Nilisema, "Hawa." Nikaketi kando yake, nikachukua kisu kingine, tukamenya.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara za watu binafsi zimefunguliwa. Maduka ambayo nilikuwa nayajua yana rafu tupu na karani anayepiga miayo yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, betri, biskuti, vioo vya kujitazamia. Mitumba iliuzwa chini, kwenye maturubai, hadi karibu na barabara. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kwenda vijijini kununua mahindi na korosho wenyewe, na kila aliyepata faida kidogo alinunua chombo: pikipiki iliyotumika, pikapu isiyo na mlango mmoja, basi dogo lenye maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyethubutu kuyafuta. Vyombo vilipoongezeka, trafiki nao wakaongezeka, wakasimama kwenye kona ambazo zamani walisimama mbuzi, na mji mzima ukaanza kuzungumza habari za faini. Watu walipigwa faini kwa kukosa taa, kwa kukosa bima, kwa kupakia abiria watatu kwenye pikipiki, kwa kuegesha mbele ya benki. Nyumba yetu haikuwa na dari, kwa hiyo maneno ya kila chumba yalipita juu ya kuta na kutufikia mimi na Hawa tukiwa tumelala kitandani. Chumba cha pili alikaa Kaka Gotfridi, aliyeuza mafuta ya taa kwa baiskeli. Jioni moja tulimsikia akimsimulia mke wake jinsi alivyokamatwa kwa kukosa kengele.

"Nikamwambia, afande, mimi huwa napiga kelele kwa mdomo. Ling'i ling'i! Watu wote wananijua. Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibu nini?"

"Akaniuliza, na siku ukipata mafua?"

Hawa alijiziba mdomo kwa mto. Mimi nilitoka nje kabisa, nikachekea kwenye bomba.

Tulifahamiana darasani. Shule ya udereva ya Mwalimu Otmari ilikuwa ghala la zamani la mahindi, na siku za mvua harufu ya pumba ilikuwa bado inatoka kwenye sakafu. Mwalimu alikuwa ameendesha malori ya ushirika tangu ujana wake. Malori yaliposimama akaegesha maisha yake pale, akanunua ubao, chaki na gari moja dogo jeupe lenye kibao cha L mbele na nyuma. Siku ya kwanza tulikuwa wanaume kumi na saba na wanawake wawili. Mmoja wa wanaume aliuliza kwa sauti kama hawa akina dada wamepotea njia ya kwenda cherehani. Yule dada mwingine, mwembamba, mrefu, mwenye ushungi wa rangi ya machungwa, aligeuka akamwambia kwa upole, "Kaka yangu, cherehani nimemaliza. Sasa nataka kuendesha kitu kinachotembea." Nikaenda kukaa naye benchi moja. Alikuwa Mwanahawa, mwenyeji wa Nalasi kule Tunduru, amekuja mjini kwa msaada wa mjomba wake aliyekuwa mfanyabiashara wa korosho. Wiki iliyofuata tulipanga chumba kimoja kwa Mama Ortrudis, ili kodi tuichangie.

Chumba kile ningeweza kukichora mpaka leo nikiwa nimefumba macho. Kitanda cha futi nne, tulilala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu. Dirisha moja la mbao lililotazama mlima. Kamba ya nguo kutoka ukuta hadi ukuta, na nyuma ya nguo, kwenye pembe aliyoifagia zaidi ya pembe nyingine, mkeka wake wa kuswalia. Mimi nilining'iniza rozari yangu kwenye msumari upande wa pili. Hatukuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo. Akiwa anaswali nilizima redio, nikiwa nasali yeye alipunguza moto wa jiko ili mafuta yasilie. Tulipika kwa zamu. Mimi nilitengeneza ugali wa mahindi na mboga za majani zilizotiwa karanga za kutwanga, ambazo Mama Ortrudis aliziita likolo na kila mara alikuja "kuonja" akiwa na bakuli. Hawa alisonga ugali wa muhogo, mlaini, unaovutika, nikamwambia unanikaba, mwisho wa mwezi nikawa nauomba mwenyewe. Dagaa wa Nyasa tulipenda wote. Korosho zilipoletwa kutoka kwao alizikaanga nje, kwenye bati, akilia kwa moshi, halafu tukala zikiwa za moto huku tukiulizana maswali ya mtihani.

Maana Mwalimu alitufundisha alama za barabarani kama katekisimu. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti nene, na aliita nasi tukaitikia.

"Pembetatu?"

"Inaonya!"

"Duara?"

"Inaamuru!"

"Mstatili?"

"Unaarifu!"

Halafu alishusha sauti, akaja katikati ya mabenchi, akainama kama mtu anayetoa siri. Wakati ule kivuko cha waenda kwa miguu kilikuwa kipya Msamala. Walikuwa wamechora mistari mieupe mbele ya shule ya msingi, na wazee wengi waliizunguka wakidhani ni marufuku kuikanyaga. Mwalimu alikipenda kivuko kile kuliko sheria zote. "Mkisahau mengine yote, hili msilisahau," alisema. "Mtu akishaweka mguu kwenye mistari, barabara ni yake. Awe mzee, awe mlevi, awe anatembea kama kinyonga. Wewe simama. Usijali unachelewa wapi." Akasema faini inalipika na watu wanaisahau, lakini yeye kuna mtu alimgonga mwaka fulani huko Njombe, na mpaka leo anajua jina la mtu yule, la mke wake na la watoto wake watano. Akarudi ubaoni. Hata yule wa cherehani aliliandika daftarini.

Hawa alikuwa bora kuliko sisi sote. Nasema hivi bila wivu, ingawa wakati ule wivu ulikuwepo kidogo. Aliingiza gia bila kusikika. Alirudi nyuma kwenye mlango mwembamba wa ghala kana kwamba ana macho kisogoni. Mtihani wa pikipiki aliupita mwezi wa nne, wa gari mwezi wa tano, siku moja na wanaume wanne tu. Siku alipopokea leseni aliiweka juu ya meza, tukala tukiitazama, kitabu kidogo chenye picha yake amekaza uso kama askari. Mimi mtihani wa kwanza nilianguka; nilizima gari mlimani mara tatu, mkaguzi akashuka, akasema atamalizia kwa miguu. Hawa hakucheka. Alimwomba Mwalimu gari kwa nusu saa, akanipeleka pale pale mlimani, akaniambia, "Sikiliza klachi kwa nyayo, usiisikilize kwa masikio." Mara ya pili nikapita.

Wakati huo mradi mmoja wa maji ulikuwa unatafuta dereva mwanamke, kwa sababu wataalamu wake walikuwa wanakutana na akina mama vijijini, mpaka Lusewa na kwingineko. Mwalimu alimpendekeza Hawa. Ilikuja barua: aripoti mwanzoni mwa mwezi wa nane, na leseni yake iwe haina doa. Aliisoma barua ile kwa sauti mara nyingi hivi kwamba Kaka Gotfridi, kupitia juu ya ukuta, alimalizia sentensi ya mwisho kabla yake.

Mwezi wa sita mjomba wake alisafiri kwenda Dar es Salaam, akaacha pikipiki yake nyekundu uani kwetu na ruhusa ya kuitumia. Ilikuwa Jumamosi, baridi ya Songea imekolea, ile inayofanya vidole viume. Sisi wawili tulikuwa na sweta moja, tunavaa kwa zamu, na tulikuwa tumedhamiria kununua koti la mtumba. Hawa aliendesha, mimi nikakaa nyuma. Yeye alivaa helmeti, mimi sikuwa nayo. Tulishuka mteremko wa kuelekea shuleni, si kwa kasi, naapa mpaka leo haikuwa kasi. Kwenye maturubai upande wa kulia niliona koti la kijani, refu, la sufu, limetundikwa kwenye mti kama mtu. Nikampiga Hawa begani. "Hawa! Koti! Lile pale, koti!" Akageuza kichwa. Alitabasamu, niliona shavu lake likipanda chini ya helmeti. Nilipotazama mbele, Mzee Kanisius alikuwa kwenye mistari mieupe, hatua ya pili au ya tatu, amebeba kiatu mkononi.

Alikuwa fundi viatu, sote tulimjua. Alikuwa anavuka kumrudishia mteja kiatu. Hawa alipiga breki, pikipiki ikateleza ubavu, ikamchukua miguu. Kishindo chenyewe kilikuwa kidogo, mtu angedhani gunia limeangushwa. Nakumbuka niliinuka nikiwa nimechubuka kiwiko tu, na Hawa alikuwa ameshapiga magoti kando ya mzee, ameinua kichwa chake, anasema, "Babu, babu, nisamehe babu," na mzee anamjibu, "Kiatu kiko wapi? Cha mwenyewe kile." Watu wakajaa. Trafiki akaja, akapima kwa hatua, akaandika. Mguu wa mzee ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Tulimtembelea hospitali kila siku, kwa zamu, na uji kwenye chupa. Hawa alimkanda mgongo, akamfulia shuka. Shauri lilipopangwa, swali likawa moja: mzee alikuwa ameshaweka mguu kwenye kivuko, au alichomoka ghafla? Mwenye teksi mmoja alisema aliona, lakini alikuwa mbali. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, kwa hiyo upande wa mashtaka waliniita mimi. Siku moja nilibaki peke yangu na Mzee Kanisius, nikamuuliza yeye mwenyewe. Akasema, "Mwanangu, nadhani nilikuwa nimeshakanyaga. Lakini wameniuliza wengi mno, sasa sina hakika. Nyie mnaonaje? Yule binti ni mwema, sitaki afungwe." Nilimnywesha uji, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za wodi. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimemwona katikati ya mistari.

Jioni ya kuamkia siku ya mahakama ilikuwa zamu yangu ya kupika. Hawa alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anachambua dagaa, anang'oa vichwa kimoja kimoja na kuviweka pembeni kwa ajili ya paka wa Mama Ortrudis. Hatukuwa tumezungumza sana siku zile. Akasema bila kunitazama, "Utasema alitokea ghafla, Wini. Si ndiyo? Mzee mwenyewe hana kinyongo. Mjomba atamlipia matibabu yote, inshallah, hata baadaye. Ni leseni tu ninayoiogopea."

Ugali ulikuwa unakaza. Nilikuwa nimeshika mwiko kwa mikono miwili. "Pisha nigeuze," nilimwambia, akasogeza ndoo, nami nikageuza ugali. Hilo ndilo jibu nililompa. Yeye alilichukua kuwa ndiyo. Tulikula, akanipa kipande kikubwa cha samaki kilichokuwa kimebaki cha jana, akasema nitahitaji nguvu ya kusimama kizimbani. Nilikila. Katika mambo yote ya mwaka ule, kipande kile cha samaki ndicho ninachokionea aibu kuliko vingine. Nilikuwa nimeshaamua, na nikala chakula chake nikiwa nimeshaamua.

Mahakamani niliapa nimeshika Biblia. Mwalimu Otmari alikaa benchi la nyuma, kofia mapajani. Mwendesha mashtaka aliniuliza mzee alikuwa wapi, nikasema alikuwa kwenye kivuko, ameshapita hatua mbili au tatu. Nilisikia pumzi ikivutwa upande wa Hawa. Akaniuliza mshtakiwa alikuwa anatazama wapi. Nikasema alikuwa amegeuza kichwa upande wa kulia, kwenye mitumba.

"Kwa nini aligeuza kichwa?"

Hakimu alikuwa anaandika kwa mkono, na alisubiri kalamu ikiwa juu. Nilimtazama Hawa. Alikuwa ananitazama, si kwa hasira. Leo nikikumbuka naona alikuwa anasubiri. Nilifikiri juu ya leseni yangu mwenyewe, mpya, haijamaliza mwezi. Nilifikiri watasema abiria asiye na helmeti ndiye aliyesababisha. Nikasema, "Sijui, mheshimiwa. Nadhani aliona nguo."

Walimtia hatiani kwa kuendesha bila uangalifu na kumjeruhi mtu. Faini mjomba wake aliilipa palepale. Lakini leseni ilifungiwa mwaka mzima, na karani aliichukua ile leseni mkononi mwake, akaandika ndani yake kwa wino mwekundu, mbele yetu. Hawa alisimama wima mpaka karani alipomaliza. Alisema, "Ahsante," kama mtu aliyehudumiwa dukani.

Alifunga mizigo siku ya pili. Sikwenda popote; nilikaa kitandani nikimtazama akikunja mkeka. Alipanga vyombo katika mafungu mawili, kijiko kwa kijiko, kwa haki kabisa. Mama Ortrudis alisimama mlangoni, anasema, "Mwanangu, mwaka si kitu, mwaka unapita," na Hawa akamjibu, "Ndiyo mama, unapita." Kwangu alisema neno moja tu, alipokuwa amekwisha kunyanyua begi: "Sufuria kubwa ni lako." Kulikuwa na lori la chumvi linakwenda Tunduru. Barabara ile wakati huo ilikuwa vumbi na mashimo, safari ya siku nzima na zaidi. Alipanda juu ya mzigo, akajifunga ushungi wake wa machungwa usoni kukinga vumbi, na hakugeuka.

Wiki tatu baadaye Mwalimu aliniita ghalani. Watu wa mradi walikuwa bado wanataka mwanamke, na mwanamke aliyebaki alikuwa mimi. Alikuwa na karatasi mbele yake, kalamu tayari. Kwanza aliniuliza, "Winfrida, siku ile mahakamani ulisema yote?"

"Niliyasema, Mwalimu."

"Yote?"

"Yote, Mwalimu."

Akaandika barua, kwa mwandiko wake wa kwaya, mkubwa na wa mviringo. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa, wala mimi sikumtembelea sana, ingawa kila Krismasi nilimtumia kadi. Kwa barua ile nimeendesha miaka ishirini na minane. Nimevuka mito yote ya mkoa ule, nimesomesha watoto, nimejenga. Sikuwahi kupigwa faini hata moja. Wafanyakazi wenzangu walinitania kwamba nasimama kwenye kivuko hata kama aliye juu yake ni kuku, na ni kweli, nilisimama. Mzee Kanisius alipona akawa anachechemea, akaendelea kushona viatu, na kila nilipopita Songea kwa kazi aliniuliza, "Yule binti mwenzako hajambo?" Nilimjibu hajambo. Sikuwa najua. Nilimwandikia Hawa barua mbili. Katika zote nilieleza habari za Mama Ortrudis, paka na mvua. Hakujibu, na sikushangaa. Nilijua nilichoacha kuandika.

Basi sasa tulikuwa tunamenya viazi, wanawake wawili wenye mvi, uani kwa marehemu. Aliniambia habari zake kwa sentensi fupi fupi. Aliolewa Nalasi. Mume wake alikuwa na mikorosho mingi na roho nzuri. Miaka minne hakugusa chombo chochote cha moto. Halafu mume alinunua pikipiki ya kubebea korosho, akawa anaogopa kona. "Nikamwambia, shuka mume wangu, utatuua. Nikaendesha mimi mpaka watoto walipokua." Mume alifariki miaka miwili iliyopita. Habari za msiba wa Mwalimu alizipata kwa simu, akapanda basi la alfajiri. Siku hizi ni lami tupu, alisema, mtu anafika hata chai haijapoa.

Nilisema, "Hawa, siku ile mimi ndiye niliyekupiga begani."

Hakuacha kumenya. "Unadhani sikujua? Bega lilikuwa langu."

"Kwa nini hukusema? Hakimu angekusikiliza."

"Nilikuwa nasubiri useme wewe." Alitupa kiazi kwenye beseni la maji. "Kuhusu mzee kuwa kivukoni, hilo nilikuwa nimeshakusamehe kabla hujatoka kizimbani. Ilikuwa kweli. Hata mimi nilimwona, Wini, ila niliporudisha kichwa mbele nilikuwa nimechelewa. Kosa langu lilikuwa kukuomba useme uongo. Lakini lile la pili nilikusubiri. Nilisubiri pale mahakamani. Nikasubiri wakati nafunga mizigo, ndiyo maana nilipanga vijiko taratibu vile. Zikaja barua zako, nikazifungua kwa haraka. Nikakuta paka."

Nililia, na kwa kuwa tulikuwa msibani hakuna aliyeshangaa. Mama mmoja akanipapasa mgongo akisema Mwalimu amepumzika. Hawa alingoja mpaka nilipomaliza. Hakuniambia nimesamehewa. Alinipa ncha ya khanga yake nifute uso, akasema viazi vyangu ninavimenya maganda manene, ninatupa nusu ya kiazi.

Basi lake lilikuwa la saa nane. Nilimsindikiza hadi stendi, na njiani aliniambia ghafla, "Njoo Nalasi wakati wa korosho."

"Nitakuja."

"Usiseme tu."

Nilikwenda mwezi wa kumi. Alikuja kunipokea kituoni akiwa na wajukuu zake wanne, wamevaa nguo za Idi ingawa haikuwa Idi. Waliniamkia mmoja mmoja, shikamoo bibi, nami nikaitikia, nikiwa na woga wa kujua wamesimuliwa nini. Yule mdogo kuliko wote, msichana wa miaka sita hivi, alinikagua kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akamvuta bibi yake mkono.

"Bibi, ndiye huyu wa Songea? Yule uliyesema alikuwa anacheka mpaka anatoka nje?"

"Ndiye," alisema Hawa, akachukua begi langu.